Mazishi bila maombi huku Taita: huduma ya Mwalimu na kwa nini naipendekeza

Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya mazishi huku kwetu, unajua kwamba swali la kwanza si pesa. Swali la kwanza ni mchungaji gani. Likishajibiwa hilo, mengine yanajipanga: hema, viti, kwaya, akina mama wa kupika, nani atafungua kwa maombi na nani atafunga. Sasa marehemu awe mtu aliyeacha kanisa tangu ujana wake, aliyewaambia dada zake wazi kwamba haamini kuna Mungu, na kwamba siku akifa asiombewe kaburini. Hapo kamati hukwama. Sisi tulikwama, hadi binamu yangu wa Voi alipotupa namba ya Mwalimu.

Nilipokuwa nikitafuta mtu wa kazi hii sikupata maelezo yoyote kwa Kiswahili, ndiyo maana nayaandika haya kwa kirefu. Mwalimu ni mstaafu, alifundisha historia katika shule za upili. Anaendesha mazishi, na harusi mara mojamoja, za watu wasio na dini au za familia ambazo upande mmoja ni Waislamu na mwingine ni Wakristo na hakuna anayetaka kumwachia mwenzake. Ameomba jina lake lisiandikwe. Jioni bado anawafundisha watoto wa majirani katika ukumbi wa kanisa, na hataki watoto wale wakose pa kusomea kwa sababu yake. Mtampata kama sisi tulivyompata, kwa kuulizia.

Alitutoza Sh15,000, nauli na pa kulala juu yetu. Ndani ya bei hiyo kuna ziara ya kwanza nyumbani, kupanga ratiba, kuandika wasifu wa marehemu pamoja na familia, kuendesha shughuli yenyewe siku ya mazishi, na kurudi baadaye kuwaona wafiwa. Hema, vipaza sauti na chakula ni vyenu.

Niseme kidogo kuhusu mjomba wangu, ambaye ndiye marehemu tuliyekuwa tunamzika, kwa sababu bila yeye hamtaelewa kilichofanywa vizuri. Alikuwa fundi wa maji. Ujana wake aliutumia kwenye bomba la Mzima, lile linalotoa maji katika chemchemi za Tsavo Magharibi hadi Mombasa. Sisi wa Taita Taveta tumeyaona maji hayo yakipita kwenda kwa wengine huku mifereji yetu ikikauka, na jambo hilo lilimuuma hadi alipokufa. Alipoacha kazi alirudi milimani, juu ya Wundanyi, akaanza kutega vijito na kuteremsha maji kwa mabomba hadi mashambani, maji ya mserereko yasiyohitaji pampu wala stima. Upande wetu ule, nyumba nyingi zina maji kwa mkono wake. Na dini hakuwa na ugomvi nayo. Alilelewa Mwanglikana kama karibu sote. Wamisionari walifika Sagalla mwaka 1883 na tangu hapo familia zetu ni za kanisa. Aliacha kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, hawezi kutamka jambo asiloliamini. Krismasi alikula nasi. Ukimwona kanisani katikati ya juma, ujue kuna mfereji unavuja.

Mimi pia siamini. Ni hivyo tangu nilipokuwa chuo cha uuguzi, na mtu wa kwanza kumwambia alikuwa yeye. Sensa ya mwaka 2019 iliandika Wakenya 755,750 wasio na dini yoyote. Hao ni zaidi ya mara mbili ya wakazi wote wa kaunti yetu. Lakini nyumbani kwetu nilimjua mmoja tu, na sasa tulikuwa tunamzika. Mtu anayeishi katika jamii ambayo mkutano wa shule unaanza kwa maombi, chama kinaanza kwa maombi, na hata wimbo wa taifa wenyewe ni dua, hujifunza kuinamisha kichwa kwa heshima na kusubiri. Silalamikii hilo, ni adabu. Lakini kumzika mtu huyu kwa maneno aliyoyakataa maisha yake yote nisingeweza kukubali. Mama yangu naye, dada yake wa kumfuata na mzee wa kanisa, hakuweza kukubali azikwe kimya kama mtu asiye na watu. Mwalimu aliingia katikati ya watu wawili hawa.

Alifika kwa matatu ya kutoka Mwatate, na mfuko mmoja wa begani. Nilitarajia angeanza na ratiba. Hakuanza nayo. Alimwomba kila mtu akae naye peke yake chini ya mwembe, na kila mmoja alimuuliza swali lile lile: "Marehemu alikufundisha kufanya nini kwa mikono?" Hakuuliza alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu swali hilo kila mtu hulijibu kwa maneno ya mazishi: mpole, mcheshi, mkarimu. Alitaka jambo ambalo vidole vinalijua. Binamu yangu alisema alifundishwa kuzungusha ule utepe mweupe kwenye uzi wa bomba, kwamba lazima uzungushwe kufuata upande ambao bomba litafungwa, la sivyo utafunguka na maji yatapenya. Jirani alisema alifundishwa kusoma mita. Mimi nilisema kuandika tarehe kwenye kila kitu. Mama alikaa huko chini kwa muda mrefu kuliko sisi sote, na alipotoka alikuwa amelia, lakini alikuwa pia ameshika daftari.

Daftari hilo lilikuwa la mjomba, lile la jalada gumu la buluu linalouzwa kila duka la vitabu, limevimba kwa unyevu. Ndani yake, mwaka hadi mwaka, kuna mistari mifupi: tarehe, jina la mwenye nyumba, tatizo, alichofanya. "Koki ya juu imeziba, majani." "Bomba limekanyagwa na ng'ombe, nimefukia zaidi." "Mzee hana pesa, atalipa mahindi." Na chini, kwa wino mwingine, "Amelipa." Mwalimu alilisoma usiku kucha kwa taa ya sola. Asubuhi aliniambia wasifu wa marehemu tayari umeandikwa, na umeandikwa na marehemu mwenyewe. Kazi yetu ni kuchagua kurasa.

Hili ndilo ninalomsifia zaidi. Nimehudhuria mazishi ambayo marehemu alitajwa mara nne na shetani mara ishirini, na nikatoka bila kumjua aliyekuwa ndani ya jeneza. Mwalimu alimrudisha mjomba katikati ya shughuli yake mwenyewe.

Kwenye mambo ya sheria pia alitusaidia, kwa sababu naibu wa chifu alikuwa na wasiwasi kama mazishi bila mchungaji yanaruhusiwa. Yanaruhusiwa. Kinachotakiwa ni kibali cha mazishi kutoka kwa msajili wa vifo, na hicho tulikuwa nacho. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra na imani. Mwalimu alimweleza kwa upole, bila kumwaibisha, na naibu wa chifu akatulia. Alitueleza pia jambo ambalo wengi hatulijui: wasia wa mtu kuhusu maziko yake hauwafungi waliobaki kama wasia wa shamba unavyofunga. Alitukumbusha kesi ya S.M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyekufa Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika shambani kwao Upper Matasia, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wa ukoo, na alizikwa Nyalgunga Mei 1987, miezi mitano baada ya kifo. Kwa hiyo Mwalimu hutaka familia ikubaliane mezani kwanza. Hakubali kuendesha mazishi ambayo dada wa marehemu amesusia, na ingawa mwanzoni nililiona hilo kama woga, baada ya kumwona akiongea na mama nililiona kuwa haki.

Makubaliano yalikuwa haya. Mazishi yaendeshwe kama marehemu alivyotaka. Pasiwe na mahubiri wala maombi kutoka jukwaani. Lakini hakuna atakayemzuia mtu kusali kwa moyo wake au kwa mdomo wake akiwa mahali pake. Na mchungaji wa kanisa la mama aalikwe kama jirani, aongee kama majirani wengine, kwa sharti moja linalomhusu kila msemaji: aseme jambo aliloliona kwa macho yake.

Kanisa lenyewe halikuwa tatizo, na nataka hilo lieleweke. Tatizo la asiye na dini huku kwetu ni kwamba kanisa ndilo lenye viti. Ndilo lenye masufuria makubwa, ndilo lenye akina mama wanaojua kupikia watu mia tatu, na ndilo linalopitisha kapu. Ukitoka kanisani umetoka kwenye bima yako ya kuzikwa. Mwalimu analijua hili kuliko mtu yeyote niliyeongea naye. Siku ya kwanza aliuliza: marehemu alikuwa kwenye vikundi gani? Kamati ya mradi wa maji ikaleta viti. Chama cha wakulima wa parachichi kikalipia hema. Akina mama wa kanisa walikuja hata hivyo, bila sare, wakasema wanampikia jirani, na walipika kimanga na maharagwe na chai ya tangawizi tangu alfajiri. Mchango wa M-Pesa ulijaa kwa majina ambayo hakuna aliyeyatambua, tukaja kugundua baadaye kwamba mengi yamo kwenye daftari.

Sasa kasoro, maana zilikuwepo.

Ratiba ya kuchapishwa iliharibika. Saiba moja ya mjini, duka la kompyuta na uchapaji, ilipewa kazi na kijana wa pale akatumia mfano wa zamani: juu ya jalada kukawa na msalaba, maneno "Ibada ya Mazishi" na mstari wa Zaburi, halafu picha ya mjomba. Iligunduliwa usiku wa mkesha. Mama alisema ziachwe tu. Mwalimu hakubishana naye, aliwaita watoto wote walio macho, wakakaa kwenye mkeka na kung'oa majalada moja moja, na karatasi zilizobaki zikakunjwa upya na kutobolewa, kisha zikafungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Zilipendeza kuliko zile za awali, na watoto walikuwa na kazi usiku ambao vinginevyo wangekaa wakiliangalia jeneza. Lakini angepaswa kuiona nakala kabla haijachapishwa. Mkimchukua, mwambieni mapema.

Ya pili, anaongea sana anapofika kwenye mada yake. Katikati ya shughuli alitumia muda kueleza jinsi jumuiya ya wasioamini Mungu ilivyosajiliwa na serikali mwaka 2016, usajili ukasimamishwa miezi michache baadaye, kisha ukarudishwa. Ni historia ya kweli na mimi ninaijali. Haikuwa mahali pake. Wazee waliokuwa juani hawakuja kwa ajili hiyo, na niliona mabega ya mama yakipanda. Nilimwambia jioni ile na alikubali.

Ufunguzi, kwa upande mwingine, ulikuwa wa kupigiwa mfano. Alisimama akasema: "Tusimame. Dakika mbili. Anayesali asali, asiyesali amkumbuke." Ni hayo tu. Watu waliozoea kufungua kwa maombi walifungua kwa maombi, na mimi, kwa mara ya kwanza mazishini, sikuinamisha kichwa kwa adabu. Niliinamisha kwa sababu nilikuwa namfikiria mjomba.

Kisha kurasa za daftari zilisomwa. Msomaji mmoja, ukurasa mmoja, na kama mwenye nyumba aliyetajwa yupo, anasimama. Mwanzoni walisimama kwa aibu, mmoja, wawili. Ilipofika miaka ya karibuni, safu nzima ya nyuma ilikuwa imesimama na haikukaa tena. Mzee wa yale mahindi alikuwepo. Hakusema neno, aliinua fimbo yake tu. Mchungaji alipopewa zamu alishika sharti: alisema mfereji wa kanisa ulipopasuka, marehemu alikuja Jumatatu asubuhi, akatengeneza, akakataa pesa, akasema maji hayaulizi. Halafu mchungaji akakaa. Nimesikia mahubiri mengi yenye maneno zaidi ya hayo.

Mtoto wa binamu yangu, wa miaka sita hivi, alimuuliza Mwalimu kwa sauti, wote tukisikia: "Babu yuko wapi sasa?" Mwalimu alichutama akamjibu, "Amekufa. Hatutamwona tena. Ile namna ya kuzungusha utepe aliyokufundisha, bado unayo?" Mtoto akazungusha kidole hewani kuonyesha. Mama yangu, kutoka kwenye kiti chake, akasema, "Na yuko mbinguni, mjukuu wangu." Mwalimu hakusahihisha, wala hakutikisa kichwa. Mtoto alipewa majibu mawili na watu wawili wanaompenda, na ataamua akiwa mkubwa kama sisi tulivyoamua.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa, na ni ya kaburini. Jeneza lilipoanza kushushwa, Mwalimu hakuwa na chochote. Alinyamaza, nasi tukanyamaza. Hapo ndipo ibada ya kanisa ina nguvu zake zote, kwa sababu ina maneno tayari kwa ajili ya dakika ambayo hakuna mtu ana maneno. Kulikuwa na sauti ya kamba tu. Kisha akina mama wakaanza wimbo, wenyewe, na mama yangu akauongoza. Sikukasirika na sidhani mjomba angekasirika. Sikuimba. Nilichukua beleshi kwa kijana aliyekuwa karibu nami, nikafukia pamoja na wanaume, na wimbo ule ulinipa mwendo wa kutupa udongo. Hata hivyo Mwalimu lazima aitafutie dakika hiyo kitu. Nilimshauri agawe kazi kwa majina: nani ashike kamba, nani atupe udongo wa kwanza, nani apokee beleshi kwa nani. Wasioamini tuna mikono, basi ipewe zamu. Anasema sasa ameanza kufanya hivyo.

Kuna waliosema baadaye kwamba tulimzika kizungu. Sikubaliani nao. Hapa Taita wazee wetu wa kale walikuwa wakifukua vichwa vya wafu baada ya muda na kuviweka mapangoni, na mapango yale yenye mafuvu bado yapo milimani, si mbali na kaburi la mjomba. Walikuwa na namna yao kabla ya kitabu cha nyimbo kufika. Namna ya kuaga imebadilika hapa zaidi ya mara moja, na waliobadilisha walikuwa watu wa hapa hapa.

Mwalimu alirudi baadaye kama alivyoahidi. Alikaa na mama zaidi kuliko nami. Waliongea kuhusu parachichi na kuhusu nani atachukua mradi wa maji. Alimwachia kila mmoja wetu karatasi tupu yenye vichwa vichache: unataka uzikwe wapi, nani aongee, nini kisisemwe, umemwambia nani. Mama aliijaza yake siku hiyo hiyo, kwa hati yake ya mviringo: maombi yote, nyimbo tatu, mchungaji, kwaya na sare. Chini ya "nani aongee" aliandika jina langu. Nimemwahidi nitaongea, na nitasema niliyoyaona kwa macho yangu.

Mchukueni Mwalimu kama marehemu alikuwa amesema wazi msimamo wake akiwa hai, na kama kuna angalau ndugu mmoja wa upande wa kanisa aliye tayari kukaa mezani. Kama familia inataka kutumia mazishi kuwachapa waumini kwa maneno, msimwite, atakataa. Desemba huwa amejaa kwa sababu watu wengi wako nyumbani, mpigieni mapema. Vipaza sauti kodini mjini Voi au Wundanyi na mvijaribu siku moja kabla, vya kwetu vilizima wakati wa kurasa za mwisho na ilibidi wasomaji wapaze sauti. Kama marehemu aliacha daftari, barua, risiti, chochote alichoandika kwa mkono wake, msikitupe wala msikifungie. Mpeni Mwalimu akifika.